NENO MOJA, MEZA MBILI

Maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya wenyeviti na makatibu wa vyama vya ushirika



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya kazi ya kufasiri maneno. Kwa kuwa kazi hiyo ni pana kama bahari, nimeona heri nichague neno moja tu, tulitazame mbele na nyuma, tujue lilitoka wapi, lina maana gani, na watu wa nchi mbalimbali hulitumia namna gani. Neno lenyewe ni la Kiingereza, nalo ni "table".

Najua wengi wenu mtasema mara moja, "Neno hilo tunalijua tangu tulipoanza shule, maana yake ni meza." Ni kweli. Lakini Waingereza wana desturi ya kulichukua jina la kitu na kuligeuza kuwa kitendo bila kuliongeza herufi hata moja. Kwa hiyo kuna pia kitendo "to table", yaani kulifanyia jambo fulani kitendo cha meza. Kitendo gani? Hapo ndipo penye mzozo, maana ukimwuliza Mwingereza atakupa jibu moja, na ukimwuliza Mmarekani atakupa jibu lililo kinyume chake kabisa.

Mwingereza akisema kwamba shauri limetiwa mezani, maana yake ni kwamba limeletwa mbele ya mkutano ili lizungumzwe. Mmarekani akisema maneno yale yale, maana yake ni kwamba shauri limeondolewa mbele ya mkutano ili lisizungumzwe. Hii si tofauti ya matamshi, wala si tofauti ndogo kama ile ya mtu mmoja kusema "ndoo" na mwenziwe kusema "debe". Ni tofauti ya kufungua mlango na kuufunga. Watu wawili waweza kukaa katika chumba kimoja, wakasema lugha moja, wakatumia neno moja, na kila mmoja akaondoka akiamini jambo ambalo mwenziwe hakulikusudia.

Kwanza tutazame asili. Neno "table" lilitoka katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Wao walisema "tabula", maana yake ubao. Warumi waliandika juu ya mbao hesabu zao, orodha za majina na amri za serikali. Neno hilo likapita katika Kifaransa likaingia Kiingereza, na ndiyo sababu hata leo "table" kwa Kiingereza si meza tu, bali pia ni jedwali la hesabu, kama lile ambalo watoto wa shule hukariri ili wajue kuzidisha. Ubao wa kuandikia ukawa ubao wenye miguu, na ubao wenye miguu ukawa mahali pa kulia chakula na pa kufanyia mashauri.

Neno letu "meza" nalo lina safari yake. Wareno walifika Mombasa na Malindi pamoja na Vasco da Gama katika mwaka 1498. Mwaka 1593 walianza kujenga ngome ya Mombasa, nayo ikatoka mikononi mwao mwaka 1698. Waliondoka, lakini baadhi ya maneno yao yakabaki: bendera, leso, mvinyo, na hilo la meza, ambalo wao husema "mesa". Neno la Kireno lilitokana na Kilatini vilevile, lakini kwa neno jingine, "mensa". Basi meza yetu na "table" ya Waingereza ni watoto wa nyumba moja, ila mama zao ni mbalimbali. Na asije mtu akadhani kwamba meza ya kulia na kumeza chakula ni ukoo mmoja. Kumeza ni neno letu la Kibantu tangu asili. Hata hivyo naomba mlikumbuke neno hilo la kumeza, kwa maana litatufaa mbele kidogo.

Sasa tuingie katika Bunge la Uingereza, maana kitendo cha "to table" kwa maana ya kuleta shauri kilipata nguvu huko katika karne ya 18. Katika chumba cha Bunge la Makabwela mjini London, wabunge wa upande wa serikali hukaa upande mmoja, na wale wa upinzani hukaa upande wa pili wakiwaelekea. Katikati yao, mbele ya kiti cha Spika, iko meza kubwa. Makarani wa Bunge hukaa kwenye meza hiyo, na juu yake huwekwa lile rungu la enzi ambalo katika Bunge la Tanzania huitwa siwa. Karatasi ikiwa mfukoni mwa mbunge, au ikiwa ofisini kwa waziri, kwa Bunge ni kama haipo. Ikifikishwa kwenye meza hiyo, imekwisha ingia Bungeni. Kila mbunge ana haki ya kuisoma na kuitaja katika maneno yake. Basi kwa Mwingereza, meza ni mahali ambapo karatasi hufika.

Meza iliyomo humo leo ina historia yake. Usiku wa tarehe 10 Mei kuamkia tarehe 11, mwaka 1941, mabomu ya Wajerumani yalikiteketeza chumba cha Makabwela. Kilipojengwa upya na kufunguliwa mwaka 1950, nchi mbalimbali zilileta zawadi. Kiti cha Spika kilitoka Australia, na meza yenyewe ilitoka Kanada.

Nchi zilizopokea desturi za Bunge hilo zilipokea pia maana yake ya neno. India, Australia, Kenya, Uganda na Tanzania zote hutumia meza kwa maana ya kuleta. Katika taarifa rasmi za Bunge la Tanzania, ambazo huandikwa kwa Kiswahili, iko sehemu yenye kichwa cha maneno "Hati zilizowasilishwa mezani". Huku Kenya, tangu Kiswahili kiliporuhusiwa Bungeni mwaka 1974, wabunge nao wamezoea kusema kwamba ripoti fulani imewekwa mezani. Hakuna Mkenya anayesikia maneno hayo akadhani kwamba ripoti imetupwa.

Lakini tuvuke bahari ya Atlantiki twende Marekani. Wamarekani nao walichukua desturi za Bunge la Uingereza walipoanzisha mabaraza yao, na ile meza ya makarani wakaichukua pia. Hapo mwanzo, kulilaza shauri mezani kulikuwa ni kuliweka kando kwa muda mfupi, ili jambo lenye haraka zaidi lipite kwanza, kama vile mwenye duka anavyoliweka kando gunia moja ili amhudumie mteja aliye mahututi kwa haraka. Lakini hoja ya kulaza shauri mezani ilikuwa na sifa mbili. Haikuruhusiwa kubishaniwa, na ilitosha kupita kwa kura za waliozidi nusu. Haukupita muda mrefu watu wenye akili nyepesi wakang'amua kwamba njia hiyo yafaa sana kuliua jambo usilolipenda, bila kusikia maneno ya wanaolitaka. Shauri likalazwa mezani, na likisha lala haliamki tena. Hivyo katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, mpaka leo, hoja ya kulilaza jambo mezani ikipita, jambo hilo limekufa. Basi kwa Mmarekani, meza ni mahali ambapo karatasi huachwa. Na sasa, mabwana, ndipo lile neno letu la kumeza linapotufaa: kwa Mwingereza karatasi iko mezani, kwa Mmarekani meza imeimeza.

Kwa vyama vya watu wa kawaida huko Marekani, kuna kitabu cha kanuni za mikutano kilichotungwa na afisa wa jeshi, mhandisi, jina lake Henry Martyn Robert, kikatolewa mara ya kwanza mwaka 1876. Kitabu hicho kimeshikwa na vyama vingi mno. Katika kanuni zake, shauri lililolazwa mezani laweza kuchukuliwa tena kwa kura, lakini likicheleweshwa kupita muda uliowekwa, linakufa. Hata hivyo maana yake ni ile ile ya kuweka kando, si ya kuleta.

Mwaweza kuniuliza: je, jambo hili si la wasomi tu, wanaopenda kupekua maneno? Nitawapa habari mbili za kweli, mwamue wenyewe.

Habari ya kwanza ni ya watumwa wa Marekani. Katika miaka ya thelathini ya karne ya 19, watu wengi wa majimbo ya kaskazini, wanaume kwa wanawake, walikuwa wakilipelekea Baraza la Wawakilishi maombi ya maandishi wakitaka utumwa ukomeshwe. Kwa sheria, kila raia alikuwa na haki ya kuiletea serikali maombi yake. Wabunge wenye kutetea utumwa hawakupenda hata kusikia maombi hayo yakisomwa. Basi mwezi wa Mei, mwaka 1836, Baraza likapitisha azimio kwamba maombi yote yanayohusu utumwa yalazwe mezani, yasipigwe chapa, yasipelekwe kwa kamati yoyote, wala lisifanyike jambo jingine lolote juu yake. Angalieni ujanja wa jambo hili. Hakuna aliyesema kwamba maombi yamekataliwa. Yalipokewa, yakawekwa mezani kwa adabu, na pale pale yakazimwa.

Mtu aliyesimama kupinga jambo hilo alikuwa John Quincy Adams, aliyekuwa Rais wa Marekani tangu 1825 mpaka 1829, kisha akarudi Barazani kuwa mjumbe wa jimbo la Massachusetts. Alikuwa mzee, lakini hakuchoka. Kila kikao alileta maombi, akanyamazishwa, akaleta mengine. Mwaka 1840 kanuni ilifanywa kali zaidi, maombi ya namna hiyo yasipokewe kabisa. Mzee Adams akazidi kushindana, hata tarehe 3 Desemba 1844 hoja yake ya kuifuta kanuni hiyo ikapita kwa kura 108 dhidi ya 80. Alifariki mwezi wa Februari, mwaka 1848, baada ya kuanguka kwa maradhi humo humo katika chumba cha Baraza. Utumwa wenyewe haukukomeshwa katika nchi yote mpaka mwaka 1865, baada ya vita vikubwa. Lakini kwa muda wa miaka minane, vilio vya watu vilizuiwa kwa kitendo kimoja tu cha meza.

Habari ya pili ni ya vita vya pili vya dunia. Tarehe 7 Desemba 1941, Wajapani waliishambulia bandari ya Pearl Harbor, na Marekani ikaingia vitani. Kabla ya mwezi huo kwisha, Bwana Winston Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza, alikuwa amekwisha vuka bahari pamoja na wakuu wa majeshi yake, wakakutana mjini Washington na Rais Franklin Roosevelt na wakuu wa majeshi ya Marekani. Mkutano huo uliendelea mpaka katikati ya Januari 1942. Ndipo palipoamuliwa namna mataifa hayo mawili yatakavyoviendesha vita pamoja.

Bwana Churchill mwenyewe ameeleza katika kitabu chake cha historia ya vita hivyo kwamba wakuu wa Uingereza walikuwa wametayarisha karatasi ya jambo ambalo waliliona ni la haraka. Wakawaambia wenzao kwamba wanataka kulitia mezani. Wamarekani wakakataa.  Wakabishana kwa muda mrefu, na maneno yakaanza kuwa makali, kabla hawajatambua kwamba wote walikuwa wakitaka jambo moja. Waingereza walitaka lizungumzwe mara moja. Wamarekani nao walitaka lizungumzwe mara moja. Kilichowagombanisha ni neno.

Wale hawakuwa watoto wa shule. Walikuwa majemadari na maamiri, na lugha yenyewe walizaliwa nayo. Na maamuzi ya wakuu kama hao yaligusa maisha ya watu wa mbali ambao hawakujua hata kwamba mkutano upo, wakiwemo askari wa Afrika ya Mashariki, ambao katika mwaka 1944 walipigana katika misitu na matope ya Burma. Ikiwa wakubwa wale waliweza kupotezana namna hiyo, sisi tunaotumia Kiingereza kama lugha ya kujifunza yatupasa kuangalia mara mbili.

Tena kuna jambo jingine la kuchekesha. Mmarekani yule yule ambaye kwake kutia mezani ni kuweka kando, akisema kwamba bei yake "iko mezani", ana maana kwamba bei hiyo bado ipo na mtu aweza kuipokea. Kitendo kinakwenda kusini, na jina linakwenda kaskazini! Nao Wakanada, ambao meza yao iko London, hufuata maana ya Kiingereza Bungeni mwao, lakini katika mazungumzo ya kawaida huko maana zote mbili husikika, kwa sababu wamepakana na Marekani.

Wala si neno hilo peke yake. Liko neno "slate", ambalo ni jina la kibao cha jiwe walichoandikia watoto wa shule zamani. Mwandishi wa gazeti la Uingereza akisema kwamba mchezo fulani wa kuigiza umefanyiwa kitendo cha kibao, ana maana kwamba umelaumiwa vikali. Mmarekani akisema hivyo, ana maana kwamba umepangiwa siku ya kuonyeshwa.

Nasi tusiwacheke. Kiswahili chetu kina mambo kama hayo. Mtu wa Unguja akisema "kuteka", hufikiri juu ya kuchota maji kisimani, au juu ya adui kuteka mji. Lakini katika lugha ya kale ya Mombasa na Lamu, "kuteka" ni kucheka, kama vile "kutinda" ni kuchinja na "mtele" ni mchele. Msomaji asiyejua jambo hilo akisoma utenzi wa zamani aweza kudhani kwamba bibi harusi amevamiwa, kumbe ametabasamu. Vivyo hivyo, mtu wa mashariki ya Kongo akikwambia kwamba anatumika mjini, hajasema kwamba watu wanamtumia vibaya. Amesema kwamba anafanya kazi. Kwa sababu ya tofauti kama hizo, mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua lugha ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu cha kuandikia vitabu, na tangu mwaka 1930 ikawako kamati ya kuiangalia kazi hiyo. Lakini kusanifu lugha vitabuni hakuwezi kuyafuta maneno vinywani mwa watu. Ndiyo maana mfasiri lazima ajue si neno tu, bali pia msemaji wa neno.

Basi mfasiri akikutana na hilo neno "table", afanye nini? Yampasa kujiuliza maswali matatu. Kwanza, aliyesema ni nani, na ametoka wapi? Taarifa ikitoka Nairobi, London au Delhi, huenda shauri limeletwa. Ikitoka Washington, huenda limeahirishwa au limeuawa. Pili, limesemwa katika baraza gani, na kanuni za baraza hilo zinasema nini? Tatu, nini kilifuata? Ikiwa siku ya pili watu walikuwa wakilijadili shauri hilo, basi lililetwa. Ikiwa halikusikika tena, basi lilizikwa. Akisha jua, asiandike "lilitiwa mezani" akamwachia msomaji kazi ya kubahatisha. Aandike "liliwasilishwa ili lijadiliwe", au "liliahirishwa", au "liliondolewa", kwa kadiri ya ukweli. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa kila moja ya hayo.

Ninyi makatibu na wenyeviti, jambo hili lawahusu kuliko mnavyodhani. Tuseme chama cha wakulima kimepata barua kutoka kwa wafadhili wa Marekani, inayosema kwamba ombi lao la mashine ya kukoboa kahawa limefanyiwa kitendo cha meza katika mkutano wa halmashauri. Katibu akiwatangazia wanachama kwamba ombi limekwisha fika mbele ya wakubwa, watu watafurahi, watachanga fedha za nyumba ya kuwekea mashine, watanunua saruji na mabati. Kumbe ombi limewekwa kando, na mashine haiji. Fedha za watu zitapotea, na baada ya fedha itapotea imani, ambayo ni vigumu zaidi kuirudisha. Hapo hakuna mwizi wala mwongo. Liko neno moja tu lililopokewa bila kuulizwa.

Kwa hiyo nawashauri mambo mawili. La kwanza, mnapoandika kumbukumbu za mikutano yenu, msitosheke kuandika kwamba jambo "liliwekwa mezani". Andikeni nani alilileta, wanachama waliamua nini, na kama liliahirishwa, liliahirishwa mpaka tarehe ngapi. Jambo lililoahirishwa bila tarehe ni kama ng'ombe aliyefunguliwa bila mchungaji. La pili, mkipokea barua yenye neno msilo na hakika nalo, mwandikieni aliyeileta mkamwulize ana maana gani. Stempu ya barua moja ni rahisi kuliko mifuko hamsini ya saruji. Wazee walisema kuuliza si ujinga, na wakasema tena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Na kwa upande mwingine, mkiwa ninyi ndio mlioshika meza, kumbukeni habari ya mzee Adams. Mwenyekiti aweza kulipokea ombi la mnyonge kwa maneno matamu, akaliweka mezani, na mnyonge akaenda zake akiamini kwamba litaangaliwa. Ikiwa mnakataa, semeni mmekataa, mtu ajue la kufanya. Ikiwa mmekubali, lijadilini. Meza ni ubao tu wenye miguu, haina kosa. Kinachoifanya iwe mlango au kaburi ni watu walioizunguka.

 Na sasa, Bwana Mwenyekiti, hotuba yangu naitia mezani, kwa maana ya Kenya, ili kila mwenye swali aulize.